Kati ya Bado na Basi

Saa nne usiku nilisema: nataka ile sindano ya mgongo.
Niliisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai,
kwa kuwa uchungu ulikuwa bado na adabu,
unabisha hodi, unangoja, unaondoka.

Sista Jelagat akavaa glavu, akapima kwa vidole viwili.
Tatu, alisema. Bado mapema.
Tukikutia ganzi sasa, kazi italala njiani.
Akaandika 22:00 kwenye chati,
maana faili la hospitali halijui saa zetu,
huanza kuhesabu usiku kutoka mahali pengine.

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati ya Pangani.
Dada yangu Moraa alikuwa kwenye dirisha la malipo
akiambiwa ganzi ni elfu ishirini na nane, kwanza,
na simu mkononi mwake inazungusha kale kaduara
ka mtandao usiotaka kujihusisha.

Saa saba nikaomba tena. Si kwa sauti ya chai.
Nilikishika chuma cha kitanda nikakiita mama.
Sentimita tano. Sasa ungefaa, alisema Jelagat,
lakini daktari wa ganzi ni mmoja, yuko thieta,
kuna mwenzako anapasuliwa, pacha wamekaa kombo.

Ningemchukiaje mwenzangu?
Nilimchukia. Dakika nne hivi.
Kisha likaja wimbi likaninyang'anya hata chuki.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Sawa. Nimeujua. Naomba nisiujue zaidi.
Lugha yangu nayo bahili: imetia neno moja
kwenye shubiri, kwenye msiba na kwenye kuzaa,
halafu inashangaa nikiomba kupunguziwa.

Mama akapiga simu kutoka Nyamira, hajalala.
Sisi tulizaa bila.
Mama, nikasema, na meno mling'olewa bila.
Akanyamaza, nikamsikia jogoo wake aliyekosea saa.
Halafu taratibu, kama anayefungua fundo la leso:
Wewe ulinichukua siku mbili.
Ningepewa, ningepokea.

Saa tisa, sentimita tisa.
Hapo ndipo Daktari Mutinda alipoingia,
barakoa shingoni, macho mekundu, trei mkononi,
na Jelagat akatikisa kichwa: basi tena, mtoto yuko mlangoni.
Usiku kucha nilikuwa nimewahi mno,
kisha, bila hata kugeuka kitandani, nimechelewa.
Niliitafuta ile dakika ya katikati iliyokuwa yangu.
Labda ilipita nikiwa nimefumba macho.

Aliomba lini? Mutinda akamwuliza sista.
Saa nne, nikajibu mwenyewe.
Jelagat akaitazama chati kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.
Daktari akaweka trei chini, akanipa mkono,
nikauminya hadi pete yake ikamkata.
Hakuutoa. Alisema tu, kwa sauti ya chini,
kama anayejisemea: mngeniambia saa nne.

Kujifungua, tunasema,
kana kwamba kila mmoja ametembea na ufunguo wake.

Saa kumi kasoro robo akatoka msichana mwenye hasira,
ngumi mbili, nywele tele, kelele za kumfaa mbunge.
Wale pacha walikuwa salama pia, niliuliza.

Siku ya tatu wakaniletea hesabu.
Kitanda. Glavu, jozi kumi na nne. Pamba.
Mstari wa sita: ganzi ya uti wa mgongo, 28,000.
Nikaomba kalamu.
Karani, kijana mpole wa tai ya kijani,
akasema mtambo ndio umeandika, si yeye,
na mhasibu hajaingia.
Bado mapema, alisema.

Nikavuta kiti hadi kwenye dirisha lake,
nikatoa titi, mtoto akashika.
Moraa akaenda kutafuta mandazi.